Choki ya Kifuniko cha Sufuria

Juzi tulimzika Anko Kariuki, mdogo wake baba, na kwenye kijitabu cha mazishi waliandika kwamba alimshika mkono mjane wa kaka yake, akamwendeshea lori mpaka watoto wakasoma. Nilikuwa nimekaa chini ya hema kule Kabazi, rasharasha inagonga turubai, nikaisoma hiyo sentensi mara tatu. Aii! Akamwendeshea lori! Nilinyamaza kwa sababu marehemu hasemwi, na mama mwenyewe alikuwa kando yangu anakunywa chai yake kana kwamba habari ni za watu wengine. Lakini sasa siko chini ya hema, na adabu yangu ya matanga imekwisha. Ninyi wa rika langu, mliokula viazi vya huko juu na kwenda shule na sweta mbili, kaeni niwaambie lori lile liliendeshwa vipi, na nani.

Lilikuwa lori dogo la petroli, kuukuu hata siku hizo, rangi ya kijani iliyopauka, mbao ubavuni, na kiti kimoja kirefu kilichotoboka kikashonwa kwa uzi wa gunia. Boneti yake ilifungukia upande wa kioo, kwa hiyo ikiinuliwa, aliye ndani haoni kitu mbele isipokuwa kwa mwanya mdogo kule chini, upana wa kiganja. Baba alilibebea viazi na kabeji hadi soko la Nakuru, na kila Jumamosi alipeleka kabeji kwenye shule moja ya bweni kule Rongai. Mama alifundishwa na baba kuendesha kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, mchana kweupe, majirani wamejipanga kwenye ua wanacheka. Walicheka mpaka mama akajua, ndipo wakaenda makwao. Ila asubuhi ni baba peke yake aliyeliwasha. Sisi watoto watatu, mimi mkubwa wao, tuliamshwa na mngurumo na harufu ya petroli mbichi inayopenya chini ya mlango. Mpaka leo nikiipata harufu hiyo kwenye kituo cha mafuta, mimi hukumbuka uji.

Baba alipofariki, Anko Kariuki alilichukua lori kubeba viti na watu wa mazishi. Likakaa kwake wiki tatu. Liliporudi, mama alitia kifunguo asubuhi, likakohoa likanyamaza, likakohoa likanyamaza, mpaka betri ikachoka. Anko alikuwa amesimama pale, mikono mifukoni.

"Shemeji, usijichoshe," alisema. "Hii gari imezoea mkono wa mwanaume. Nitakuletea dere."

Dereva huyo alikuwa Mbugua, mfanyakazi wake, jitu refu lenye kofia ya sufu, lililotafuna chingamu kutoka asubuhi mpaka jioni. Kuanzia siku hiyo lori likawa na mabwana wawili, na mama hakuwa mmoja wao. Lilibeba mbao za Anko kwanza, kisha mahindi ya Anko, halafu jua likishapanda ndipo kabeji za mama zinapakiwa, zimeshanyauka. Shule ya Rongai ikamwambia mama kwamba akichelewa tena watatafuta mtu mwingine. Kabeji hizo ndizo zilizotulisha. Lori lisipofika kwa wakati sisi tumekwisha, na hilo hata mimi wa miaka tisa nililijua.

Sasa, Mbugua aliliwashaje? Hapo ndipo nilipoingia mimi. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya kabeji, vidole vinauma kwa baridi, alikuwa anafika na kumfukuza mama.

"Mathe, wewe enda ukamue ng'ombe. Ikiona mwanamke inakataa. Mtoto haina shida."

Ananipandisha kwenye kiti, ananiambia nizungushe kifunguo nikisikia amepiga boneti mara moja. Kisha anainua boneti, simwoni tena. Lakini kupitia ule mwanya niliuona mkono wake. Aliuweka juu ya kitu fulani cha chuma, kiganja kimefunguka, akautuliza pale, na midomo yake ilikuwa inaenda, inaenda. Kumbe ni chingamu! Lakini mimi ningejuaje? Kila Jumapili kanisani nilimwona mchungaji akiwawekea wagonjwa mikono, kichwa kimeinama, midomo inaenda vivyo hivyo. Nikajua kwamba Mbugua anaiwekea injini mikono. Alipopiga boneti nilizungusha, na kila siku ya Mungu injini ilikohoa kidogo ikapona.

"Huwa unaiombea?" nilimuuliza siku moja.

Alinitazama, akatabasamu upande mmoja. "Eeh, naiombea. Na usiambie mtu. Maombi ukiyatangaza inaisha nguvu."

Jumamosi moja Mbugua hakutokea. Saa moja ikapita, saa mbili ikakaribia, kabeji ziko juu ya lori, Rongai wanangoja. Mama aliingia, akazungusha, likakohoa likanyamaza. Nikaona wakati wangu umefika. Nikamwambia mama angoje, nikapanda juu ya bampa, nikaweka mikono yote miwili juu ya boneti iliyofungwa, na nikaomba kwa sauti, kwa Kiswahili halafu kwa Kikuyu, nisije nikaacha nafasi. "Zungusha!" nikampigia kelele. Mama akazungusha. Wapi!

Nililia kilio ambacho sijawahi kulia tena, hata kwenye mazishi ya baba sikulia hivyo. Kwa maana nilijua kosa ni la nani. Jumatano yake nilikuwa nimechovya kidole chenye mate ndani ya mkebe wa sukari, mara nne.

"Mama, ni mimi," nilisema. "Ni sukari. Ndiyo maana haiponi."

"Haiponi nini?"

Basi nikamwambia yote: mkono, midomo, maombi. Nilitegemea kofi la sukari. Mama alinishusha kwenye bampa, akanifuta makamasi kwa leso yake, akarudi kukaa kwenye kiti cha dereva. Alipitisha macho kwenye dashibodi. Halafu akainama, akaanza kukwangua kitu kwa ukucha. Chini ya usukani palikuwa na tundu, limezibwa kwa chingamu iliyokauka. Kwetu hakuna aliyetafuna chingamu.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema. "Baba yako alikuwa anavuta kitu hapa."

Siku hiyo Mbugua alitokea saa nne, akaliwasha kwa kiganja chake, na Rongai wakapokea kabeji mchana huku wamenuna. Mama alimwomba mpishi wa shule nafasi moja tu ya mwisho, akapewa: Jumamosi ijayo, kabla ya saa nne. Habari ya lile tundu Mbugua hakuambiwa. Mama yangu akikasirika hapigi kelele, anakunja mikono ya sweta.

Alhamisi mama hakuniacha niende shule, nilishuka nao Nakuru. Mzigo ukishashushwa Mbugua alikuwa na desturi ya kwenda hotelini kula, naye hakuwa mtu wa kula haraka. Injini ikiwa moto ilimwakia yeyote, hata mwanamke, hata mbuzi angeiwasha. Mama akakaa kwenye usukani, akaniambia funga mlango, tukaenda mtaa wa Free Area kwa Fundi Wafula. Alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, mtoto wa mfanyakazi wa reli, anayetengeneza magari chini ya mabati mbele ya nyumba yake. Baba alikuwa mteja wake.

Fundi aliinua kopo la kuchujia hewa, lililokuwa limekaa tu bila kukazwa, akaliweka chini, akachungulia. "Mama Shiru, choki yenu ilienda wapi?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza."

Akaingiza mkono kule nyuma ya injini, akatoa kipande cha waya. Alikishika juu, mahali penye mwanga. "Waya ikikatika yenyewe inafumuka. Ona hii, mdomo safi. Hii imekatwa na plaisi."

Mama alinyoosha mkono, akakichukua, akakitia mfukoni.

"Choki ni ya nini?" niliuliza.

Fundi Wafula ni mtu mzima wa kwanza aliyewahi kunijibu swali la gari bila kunicheka. Alinisimamisha juu ya tairi kuukuu ili nione. Alinionyesha mdomo wa kabureta, na ndani yake kibamba kidogo cha shaba kinachofunguka na kufungika. "Asubuhi ya baridi, injini haitaki hewa mingi. Inataka petroli. Hii inaziba hewa. Ikishapata moto, unaifungua ipumue. Sasa kama hakuna waya ya kuivuta, mtu mjanja anaziba huo mdomo na mkono. Hivi."

Akaweka kiganja chake juu ya kabureta, kimefunguka, kimetulia.

"Hivyo ndivyo Mbugua anavyoiombea!" nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Fundi alimtazama mama, mama akamtazama fundi, wakacheka mpaka mama akashika mlango wa lori asianguke. Kisha akaacha ghafla, akafuta macho. Mimi sikucheka hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeitubu sukari! Nililala siku tano nikijua Mungu ameinyima familia yangu chakula kwa ajili ya kidole changu, na kumbe ni mtu mzima tu amekata waya. Hasira niliyoisikia pale Free Area, juu ya lile tairi, bado ninayo. Ningali naitumia.

Fundi alimtuma mtu duka la pili akanunue waya wa breki ya baiskeli, ule mrefu wa nyuma, pamoja na ganda lake. Alikwangua chingamu yote. Akapenyeza waya kwenye tundu, akaupitisha ukuta wa injini, akauzungusha mbali na mahali penye moto, na ncha yake akaibana kwa skrubu kwenye mkono mdogo wa kile kibamba. Mimi nilikuwa ndani, kazi yangu kuvuta. "Vuta! Bado. Rudisha. Vuta tena!" Mara ya nne akasema sawa, kinafunga chote, kinafunguka chote. Akarudisha kopo la hewa juu, akalikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Hapa sasa hakuna mkono utaingia," alisema.

Halafu akanifundisha, na hakuniacha mpaka nikarudia neno kwa neno. Asubuhi vuta choki yote, zungusha bila kugusa mafuta. Ikishika, rudisha kidogo kidogo. Lakini ukisikia harufu kali ya petroli, ujue imemeza petroli kupita kiasi. Hapo usivute kitu. Rudisha choki mpaka mwisho, kanyaga mafuta mpaka chini, usipampu, zungusha tu, ungoje.

Tuliporudi sokoni Mbugua alikuwa anatuzunguka kututafuta, kijiti cha meno mdomoni. "Tulienda kujaza upepo," mama alimwambia. "Kaa dirishani, leo nitaendesha mimi." Alikuwa ameshiba, akalala njia nzima. Usiku ule mama aliona ile ncha ya waya inamkata kidole, akaenda jikoni, akafungua kile kishikio cheusi cha kifuniko cha sufuria yetu kubwa, akakifunga pale. Kuanzia hapo tukafunua sufuria ya githeri kwa uma.

Ijumaa Mbugua alikuta lori linanguruma uani, mama ameegemea mlango. "Asante kwa kazi, Mbugua. Salimia waliokutuma." Alisimama kidogo na kutafuna, akaenda.

Nilijua watakuja. Jumamosi saa moja kasoro, kabeji zimeshapakiwa, umande bado unatiririka kwenye kioo, nikawaona langoni: Anko Kariuki na koti lake la kanisani, Mbugua nyuma yake, na Mzee Gitau, baba mkubwa wa ukoo, ambaye neno lake kwetu halikupingwa. Enzi zake aliendesha trekta kwenye shamba la mzungu.

"Shemeji, hatujakuja kugombana," Anko alianza. Mtu akianza hivyo, jueni amekuja kugombana. "Familia imeona lori ikae kwangu. Ni jasho ya kaka yangu, haiwezi kuharibikia kwa mwanamke. Leo inawaka, kesho inakataa. Inataka mwanaume. Hata wewe unajua."

Mama alitoa kifunguo kwenye mfuko wa aproni, akamrushia. "Basi iwashe. Ikikuwakia, enda nayo. Na hizo kabeji enda nazo."

Nilimvuta aproni, hakunitazama.

"Na ikikataa?" Mzee Gitau aliuliza.

"Ikikataa, asikanyage tena hapa kwangu akiulizia lori."

"Imesikika," alisema mzee.

Anko akapanda. Akaona kile kishikio, akakivuta mpaka mwisho kukichungulia. "Ebu ona! Hii ni lori ama ni jikoni?" Mbugua ndiye pekee aliyecheka. Akakiacha hapo hapo kimevutwa, akazungusha kifunguo, na akaanza kupampu mafuta, pu pu pu pu, kama anayemkanyaga nyoka. Likakohoa. Akapampu tena. Harufu ya petroli ikajaa ua mzima, ikanichoma puani. Kila alipozungusha, stata ilikuwa inachoka zaidi.

"Mbugua, fanya ile kitu yako!" alipiga kelele.

Mbugua akainua boneti. Mkono ukaenda, ukasimama hewani. Kopo la Fundi Wafula lilikuwa limekaa pale, limekazwa. Akalisukuma, akalizungusha, likakataa. "Nipewe spana," akanong'ona.

"Spana ya nini?" Mzee Gitau akauliza. "Si tuliambiwa ni mkono wa mwanaume inataka? Weka basi."

"Amekosa pa kuuweka!" nilisema, na nilisema kwa nguvu, mtoto wa kike mbele ya wazee. Hakuna aliyenikanya.

Mzee alisogea, akachungulia, akaguna. "Kumbe. Unaziba kabureta. Hiyo sisi tulifanya kwa trekta wakati choki imekufa. Na ya hii ilikufa aje?"

"Haikukufa, mzee." Mama alitoa kile kipande cha waya, akamwekea kiganjani. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye ncha yake polepole. Kisha akamtazama Mbugua. Mbugua akamtazama Anko. Anko akatazama usukani.

"Sasa betri imeisha," Anko alisema akishuka, jasho usoni na ile baridi yote. "Hata nyinyi haitawawakia. Jaribu, shemeji. Jaribu tuone."

"Mimi siigusi. Nikiiwasha mtasema ni bahati." Mama akakunja mikono ya sweta. "Shiru! Ingia."

Niliingia. Nilirudisha choki mpaka mwisho. Miguu haikufika, ikabidi niteleze mpaka mgongo ukalala kwenye kiti, nikakanyaga mafuta kwa miguu yote miwili mpaka chini, sioni kitu isipokuwa mabati ya juu ya kichwa. Midomo ilikuwa imeshaanza kuomba yenyewe. Nikaifunga. Safari hii singemwomba mtu wala singetubu kitu, wala sukari, wala kuzaliwa msichana. Nikazungusha.

Stata ilivuta mara moja, ikapumzika. Ikavuta tena. Usipampu, Shiru. Ngoja. Ikavuta mara ya tatu kwa unyonge hivi kwamba nilimsikia Anko akicheka puani. Ndipo kukalipuka mlio kule nyuma, moshi mweusi ukatoka, na lori zima likatikisika, kabeji zikarukaruka, na injini ikashika. Ikataka kuzima, nikavuta choki nusu kidole, ikashika tena. Ikanguruma mpaka meno yangu yakagongana.

"Sogea," mama alisema. Alikuwa amekwisha kupanda.

Alimfungulia Mzee Gitau mlango wa upande wangu, akamwambia tutamwacha kwake. Mzee akapanda, akaketi, na ule waya akamrudishia mama. Mama akageuza lori, akalielekeza langoni. Anko akaja mbio, akashika dirisha.

"Na sisi, shemeji? Sisi turudi na nini?"

Ndipo nilipoona kwamba uani kwetu hakukuwa na gari lingine. Walipanda mlima ule wote kwa miguu, alfajiri, na koti la kanisani, kwa sababu walipanga kurudi na lori letu.

Mama alitazama viatu vya Anko, vilivyojaa matope hadi kwenye kamba.

"Njia ni ile mliyokuja nayo, shemeji," alisema. "Haijahama."